Ngoma ya Watoto na Saa za Kusoma

Watu wengi wa Kibiti wamewaona katika simu zao wale watoto wa Kampala waitwao Ghetto Kids, na aghalabu huwasifu kwa neno moja: "Kipaji, wamezaliwa nacho." Sifa hiyo yaonekana njema, lakini yadhulumu kazi ya mtu. Dauda Kavuma, aliyewakusanya watoto hao, alikuwa mwalimu wa hesabu, na atazamaye kwa makini ataiona alama ya mwalimu katika ngoma yenyewe. Safu zimepimwa, kila mtoto ana zamu yake, aliyemaliza humpisha mwenzake pasipo kuvutwa mkono. Hayo hayazaliwi na mtu. Hufundishwa, tena kwa kurudiwarudiwa.

Nimelinganisha michezo yao miwili. Wa kwanza ni ule wa mwaka 2014, walipoucheza wimbo "Sitya Loss" wa Eddy Kenzo katika uwanja wa udongo. Wa pili ni wa mwaka 2023 huko Uingereza, katika mashindano yaitwayo Britain's Got Talent, ambapo mwamuzi mmoja, Bruno Tonioli, aliwapitisha hata kabla hawajamaliza kucheza, nao wakafika fainali. Kwa hukumu yangu ule wa kwanza ni bora. Pale watoto wachezeana wao kwa wao, na sisi ni wapita njia tuliosimama kutazama. Katika ule wa pili ufundi umezidi na miruko imekuwa mikubwa, lakini macho yote yamewaelekea waamuzi, wala hapana nafasi ya kuvuta pumzi. Sisemi kwamba wameharibika. Nasema kwamba yuko mtoto achezaye akiisha kazi zake, na yuko mtoto ambaye kucheza ndiko kazi yake. Na tofauti hiyo yaonekana hata miguuni.

Kwa hiyo mhakiki hawezi kuhukumu ngoma ya watoto akaacha kuuliza wanasoma saa ngapi. Kavuma alikusudia fedha za ngoma ziwalipie watoto karo, na kwa hilo astahili heshima. Lakini mtu mmoja akiwa mwalimu, mlezi na msimamizi wa kikundi pia, mtoto hana ngao ila wema wa mtu huyo. Akiwa mwema, vyema. Je, asipokuwa? Wamarekani walifunzwa jambo hili kwa uchungu. Jackie Coogan, aliyecheza akiwa mtoto pamoja na Charlie Chaplin katika sinema "The Kid" ya mwaka 1921, alipokuwa mtu mzima aliona mali yake imekwisha, akawashtaki mama yake na baba yake wa kambo mwaka 1938. Mwaka uliofuata jimbo la California likatunga sheria ya kulinda mapato ya watoto wa namna hiyo. Na huko, mahali pa kutengenezea sinema huwapo mwalimu mwenye cheti cha serikali: siku za shule mtoto husoma saa tatu, na mwalimu akiona kazi yamdhuru, ana mamlaka ya kumwondoa. Mamlaka hayo ndiyo kiini cha jambo. Mwalimu asiyeweza kuisimamisha ngoma ni mpiga ngoma mwingine tu.

Sasa na tuje kwetu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi, mradi isimdhuru wala isimzuie kuhudhuria shule. Basi tumfikirie mtoto wa Salale au Maparoni, stadi wa kucheza, ambaye kikundi cha Dar es Salaam chataka kumchukua, kikiahidi kwamba "mwalimu wa nyumbani" atakuwapo. Akiwa amefika sekondari, mwalimu huyo aweza kumfaa, kwa maana upo Mtihani wa Maarifa, na baada yake kidato cha nne cha mtahiniwa wa kujitegemea. Lakini akiwa bado shule ya msingi, mtihani wa kumaliza hufanywa na mwanafunzi aliyesajiliwa shuleni. Afundishwe vizuri namna gani huko nyumbani, asipokuwa na shule hana kiti. Mzazi amwulize mwenye kikundi jina la shule na barua ya uhamisho, kabla ya kuuliza malipo.

Sisi walimu wa huku hatuhitaji kuhadithiwa habari za mtoto aliyekosa masomo. Msimu wa mpunga familia huhamia mashambani kukaa katika dungu na kulinda ndege na nyani, na watoto hufuata. Arudipo baada ya mavuno, mtoto hukuta wenzake wamekwisha kupita sehemu, naye bado yu katika kuzidisha. Ngoma ikiongezwa juu ya mpunga, mwaka umekwisha.

Wala sitaki ngoma ifukuzwe shuleni, kama wapendavyo baadhi yetu. Kavuma ameonyesha kwamba mkono ushikao chaki waweza kuzipanga safu. Ifundishwe jioni, isafiri wakati wa likizo za Juni na Desemba, na mwalimu wa shule asafiri nayo, daftari la mahudhurio mkononi. Nayo shule ya visiwani yenye mwalimu mmoja wa hesabu haiwezi kumtoa avuke Nyamisati katikati ya muhula; hapo kikundi na kingoje mpaka Juni.