'Wamepima' si 'wamegundua'

MNAMO Machi 17, 2014, wanasayansi wa darubini ya BICEP2 iliyoko Ncha ya Kusini walitangaza kuwa wameona alama ya mawimbi ya graviti yaliyozuka ulimwengu ulipokuwa ndiyo kwanza unaanza. Habari ya aina hii ikiletwa kwa Kiswahili, makosa mawili huivizia.

La kwanza ni istilahi. Graviti huitwa 'mvutano', na darasani neno hilo linatosha. Lakini magazetini mvutano ni ugomvi wa gavana na madiwani. Msomaji wa Kaloleni akikuta 'mawimbi ya mvutano' atafikiria siasa za Kilifi! Heri tuseme 'mawimbi ya graviti', kisha tueleze kwamba kinachotikisika si maji wala hewa, bali nafasi yenyewe, inayonyooshwa na kubanwa.

La pili ni kitenzi, na hili ndilo zito. Mawimbi hayo ya mwanzo hayajaonwa na yeyote. Kinachopimwa ni mnururisho hafifu uliosalia tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Mitetemo yake ina mielekeo, na mielekeo hiyo ikichorwa angani, mawimbi ya graviti yangeacha ruwaza ya kujisokota. Taabu ni kwamba vumbi la galaksi yetu nalo huacha ruwaza kama hiyo. Mapema 2015, vipimo vya BICEP2 vilipounganishwa na vya setilaiti ya Planck ya Ulaya, vumbi likaonekana kuchangia sehemu kubwa, na ushahidi wa mawimbi ukakosa uzito.

Sasa, aliyeandika 'wamegundua' atasemaje? Neno hilo lilifaa kwa mitambo ya LIGO nchini Marekani, iliyonasa mawimbi ya mashimo meusi mawili yaliyogongana, Septemba 14, 2015. Kwa BICEP2 tulihitaji 'wamepima', 'wanadai' au 'huenda'. Maneno hayo tunayo. Tunayaacha kwa uvivu tu.

Wala tusiseme mambo haya ni ya wageni. Disemba 12, 1970, setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengwa kwa uchunguzi wa eksirei za angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, Malindi. Jina la Kiswahili limo katika historia ya elimu hiyo.

Katika Kigiriama, kulola ni kutazama. 'Kaloleni', kwa umbo lake, ni amri: nendeni mkatazame. Waandishi, katazameni, kisha mtuambie mlichokiona, si zaidi.