Walimu wa Wodini

Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa 1969 (ndiyo maana wakazi wa Kisumu huiita Russia), huwafunza wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Maseno pamoja na madaktari wanagenzi. Mtoto mwenye selimundu huletwa hoi, malaria imemmaliza damu. Daktari bingwa angeweza kumtafutia mshipa mwenyewe na kuendelea na raundi. Badala yake humwachia mwanagenzi, akiwa tayari kumpokea sindano, kisha humbana: damu kiasi gani kwa uzito huu, na kwa nini? Baadaye husoma faili upya, husahihisha dozi, hupokea simu ya saa nane usiku.

Wapo wanaolalamika kwamba mafunzo haya humchelewesha mgonjwa na kumgeuza kifaa cha somo. Yakifanywa ovyo, bila kumwomba ridhaa, wana haki. Ila mwanagenzi huyo punde atakuwa zamuni peke yake hospitalini Mbita au Bondo, bingwa yuko mbali, na mtoto mwingine kama huyu ataletwa. Mzazi wa huko hatamjua aliyemfunza daktari huyo kupima damu kwa uzito, wala hatadaiwa chochote kwa mafunzo hayo.