Elimu ya Nyikani na Alama za Chuo

Yafaa tulipime jambo hili kwa haki: je, mwanafunzi aliyejifunza nyikani na vijijini astahili alama za shahada sawa na mwenziwe aliyekaa darasani?

Mfano tunao hapa Kenya. Tangu mwaka 1974, Chuo Kikuu cha St. Lawrence cha jimbo la New York, Marekani, kimekuwa kikileta wanafunzi wake nchini. Hujifunza Kiswahili, hukaa na jamaa za shambani na za mjini, na masomo hayo huhesabiwa katika shahada zao.

Sifa ya mpango wa namna hii ni dhahiri. Lugha hukaa ulimini mwa yule aombaye maji na chumvi kwa lugha hiyo. Na kuishi kwingi ni kuona mengi. Walakini kuona si kujua, wala taabu peke yake si elimu. Chukua Menengai, ulio karibu na Kiamunyi. Mtembezi hupanda, akachoka, akasema ameona shimo kubwa. Mwanafunzi huuliza kwa nini shimo hilo lina upana wa kilomita 12 hivi, na hujifunza kwamba mlima ulimwaga mawe yaliyoyeyuka tumboni mwake, kisha kilele kikaporomoka. Huuliza pia mvuke ule watoka wapi, hata watu wakachimba visima wapate umeme. Wote wawili wamepanda mlima mmoja. Alama ni haki ya huyu wa pili tu.

Upungufu mwingine ni mzito zaidi. Mama mwenye nyumba humfundisha mgeni lugha, adabu na kazi za shamba. Mgeni huandika, huenda zake ng'ambo, hupata shahada. Ikiwa maandishi yale hayarudi kusomwa na aliyeyafundisha, basi mmoja amevuna shamba la mwingine. Mwalimu asiyetajwa amedhulumiwa, hata kama alilipwa chakula na malazi.

Nasi tusijisahau. Penye miti hapana wajenzi. Kijana wa Kiamunyi aweza kumaliza shule asiufahamu Menengai, wala asifike Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimba mwaka 1937 akafunua makao na makaburi ya watu wa kale. Mgeni avuka bahari kutafuta yaliyo mlangoni petu.

Hukumu yangu ni hii: alama zitolewe, lakini kwa masharti matatu. Mwanafunzi aeleze sababu za alichokiona, awataje waliomfundisha, na kazi yake irudishwe kwao kwa lugha waisomayo. Nawe, msomaji, usingoje chuo. Chukua daftari, uende kwa mzee jirani, umwulize jina la kilima kilicho mbele yako na sababu ya jina hilo. Ukisha kuandika, umsomee asahihishe.