Roboti Anafikiri au Inafikiri? Uhakiki wa Tamthilia ya Karel Čapek na Shokoa Iliyofichwa

Neno roboti lilizaliwa jukwaani kabla ya kuingia kiwandani. Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, alilitumia katika tamthilia yake R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920 na kuigizwa Prague mwaka 1921. Aliyelipendekeza ni kaka yake, mchoraji Josef Čapek, kutokana na robota, yaani shokoa: kazi ya lazima ambayo mkulima alimfanyia mwenye ardhi.

Wengi hudhani kuwa roboti hao ni wa chuma. Sivyo, kwa sura hawatofautiani na binadamu. Mwanzoni mwa tamthilia, Helena, mgeni anayewatetea, anakataa kuamini kuwa Sulla ni roboti. Punde si punde, anawadhania wakuu wa kiwanda, ambao ni watu, kuwa ndio roboti. Kosa hili lina pande mbili: anayepima utu kwa sura na usemi pekee huweza kuipandisha mashine, na huweza vilevile kumshusha mtu.

Mwaka 1950, Alan Turing alilibadilisha swali la iwapo mashine zaweza kufikiri kuwa mchezo wa uigaji, ambamo mhoji hutafuta kumtambua mtu kwa majibu ya maandishi. Faida yake ni kuwa na kipimo. Upungufu wake ulidhihirishwa na ELIZA, programu ambayo Joseph Weizenbaum aliieleza mwaka 1966. Programu hiyo iligeuza tu maneno ya mtumiaji kuwa maswali, lakini wapo walioifungulia mioyo yao. Maana ilitoka kwa mtu, si kwa mashine.

Kiswahili hutulazimisha kuchagua msimamo mapema. "Roboti anafikiri" huiweka mashine pamoja na viumbe hai. "Roboti inafikiri" huiweka pamoja na vyombo. Hata hivyo, upatanisho wa A-WA si ushahidi wa fikra, kwani kipepeo naye anao. Istilahi nazo zina hukumu ndani yake. "Akili bandia" hutuhumu, kama tusemavyo fedha bandia. "Akili unde" hukiri kwamba yupo aliyeunda, na kwa sababu hiyo naiona bora: hutuachia swali la muundaji ni nani.

Swali hilo lina jibu karibu nasi. Mwaka 2023 iliripotiwa kwamba wafanyakazi jijini Nairobi walilipwa chini ya dola 2 za Marekani kwa saa ili kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili, kusudi mashine ijifunze kuyaepuka. Hapa ndipo tamthilia ya Čapek inapopungua. Wafanyakazi waliopokonywa kazi na roboti wanatajwa tu. Hawapewi sauti jukwaani. Čapek aliona mashine ikichukua nafasi ya mfanyakazi. Hakumwona mfanyakazi aliyefichwa ndani ya mashine.

Kwa washauri wa sera, hoja ni hii: mjadala wa iwapo mashine inafikiri usitangulie uchunguzi wa nani anayeifikiria, kwa ujira gani na kwa ulinzi upi. Helena alikosea kwa kuwaangalia waliosimama mbele yake. Sisi tutakosea zaidi tusipowatafuta wasioonekana.