Ufundi wa Breki za Gari Kuukuu

Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,200 linalokwenda kilometa 80 kwa saa likisimamishwa, joto linalotoka linatosha kuifikisha lita moja ya maji karibu na kuchemka, na karibu joto hilo lote huingia kwenye pedi, diski na dramu ndani ya sekunde chache. Mwendo ukiongezeka maradufu, joto huwa mara nne. Gari lililokwisha kutembea kilometa 300,000 limepitia hayo mara zisizohesabika, ndiyo maana breki zake hazitengenezwi mara moja zikaisha: leo pedi, mwezi ujao raba za pistoni, baadaye beringi. Kufungua pedi za zamani na kufunga mpya ni kazi ya nusu saa ambayo kijana yeyote wa gereji huijua. Ufundi wenyewe huanzia pale anapojiuliza pedi hizo zimemalizwa na nini.

Fundi aliyeiva hazitupi pedi kuukuu. Huzipanga chini kwa jinsi zilivyokaa kwenye gari, kisha huzisoma. Pedi ya ndani ikiwa imeisha na ya nje ingali nene, kalipa haitelezi kwenye pini zake. Dawa yake ni kuzitoa pini, kuondoa kutu na kupaka grisi isiyodhuru raba. Pedi zote mbili za tairi moja zikiisha na za upande wa pili zikabaki, pengine pistoni hairudi, au mpira wa breki umevimba ndani. Mpira huo kwa nje huonekana mzima kabisa. Nguvu ya mguu husukuma mafuta yakapita, lakini mguu ukiondoka mafuta hayana nguvu ya kurudi, na gurudumu hubaki limeshikwa. Hapo gari huinuliwa kwa jeki, breki ikakanyagwa na kuachwa, kisha fundi hulegeza kiskurubu cha kutolea upepo. Gurudumu likiachia palepale, kizuizi kiko juu, kwenye mpira au zaidi ya hapo. Likizidi kung'ang'ana, tatizo ni kalipa yenyewe. Kipimo hiki hakina gharama, na kimewaokoa wenye magari wengi na kununua kalipa wasiyoihitaji.

Stelingi ikitetemeka breki zikikanyagwa, hulaumiwa diski iliyopinda. Mara nyingi chanzo ni kutu iliyo nyuma ya diski, juu ya hab inayoibeba, hasa kwa magari ya mwambao yanayopigwa na hewa ya chumvi. Diski iliyofungwa juu ya kutu huyumba kidogo sana, jicho lisione, lakini pedi huigusa kila mzunguko mpaka unene wake ukawa haulingani. Kwa hiyo kuichonga kwenye mashine bila kusugua hab kwa brashi ya waya ni kuahirisha tu. Kuchonga nako kuna mpaka: unene wa mwisho huandikwa kwenye diski yenyewe, na kwa gari dogo huwa takriban milimita 2 pungufu ya unene wa asili. Ikishuka chini ya hapo hainusuriwi.

Magari madogo mengi, kama Toyota Probox iliyotoka mwaka 2002, yana dramu nyuma. Vumbi la dramu halipulizwi kwa upepo, kwa kuwa breki shuu za zamani huweza kuwa na asbestosi; hulowanishwa kwanza. Ndani mna springi, vyuma na skrubu ya meno inayosogeza breki shuu kadiri zinavyolika. Skrubu ya kulia na ya kushoto huzungukia pande tofauti. Zikibadilishana, breki hujilegeza badala ya kujikaza. Basi mafundi makini hufungua upande mmoja tu, wakauacha wa pili kama kielelezo, na huo ni utaratibu wa heshima, si wa uchanga. Mafuta yakionekana ndani ya dramu, hayafutwi tu: huenda raba ya silinda ya gurudumu imechoka, au sili ya ekseli inavuja.

Mafuta ya breki ndiyo husahaulika zaidi. Hufyonza unyevu wa hewa kidogo kidogo. Ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini kiwango kinachokubalika yakishaingia maji ni nyuzi 140. Kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, Iringa, joto hilo hufikika. Mafuta yakichemka hutoa mvuke. Mvuke hubonyea, na pedali huzama bila gari kupunguza mwendo. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili hivi ni gharama ndogo mno kwa kinga hiyo. Ya injini hayaongezwi humo hata tone, kwani huvimbisha raba zote.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili na sauti moja. Aliye chini husema "kanyaga", kisha "shikilia". Hufungua, vipovu vikatoka, akafunga, ndipo husema "achia". Akikosea mpangilio huo, hewa hurudi ndani. Kwenye gari kuukuu huwekwa kipande cha ubao chini ya pedali ili isishuke hadi mwisho. Sehemu ya ndani ya masta silinda ambayo raba hazikuifikia kwa miaka huwa na kutu, na pedali ikizamishwa yote raba hupita hapo zikachanika. Masta silinda iliyoingia gereji nzima hutoka mbovu.

Spea, ziwe za Gerezani, Dar es Salaam, au za barabara ya Kirinyaga, Nairobi, zinaweza kuwa za mtumba kwa vyuma vingi, lakini si kwa raba wala mipira. Pedi hubadilishwa kulia na kushoto pamoja, la sivyo gari huvuta upande. Beringi na bushi zilizolegea hurekebishwa kabla ya kuzihukumu breki, maana nazo huleta mtetemo na kuvuta.

Kazi ikiisha, nati hukazwa kwa kukingama, na pedali hukanyagwa mpaka ikawa ngumu gari lingali limesimama. Kisha hufuata majaribio barabarani: breki nyepesi nyepesi kadhaa, zikipishana na mwendo wa kupoza, ili pedi mpya zikae sawa kwenye diski. Fundi hurudi akagusa rimu moja moja; iliyo moto kupita nyingine hufunguliwa upya siku hiyohiyo.