Fundi wa Kuhamisha Joto

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Hubeba joto: hulichota ndani ya chumba, hulipitisha ukutani kwa mabomba mawili membamba ya shaba, na kulitua nje. Mtu wa Tabora hana shida kulielewa jambo hili, maana mji wake ulikuzwa na wabebaji. Wapagazi wa Kinyamwezi walitoka Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, na pembe za ndovu mabegani hadi Bagamoyo, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Hawakuziunda bidhaa hizo; walilipwa kwa kuzihamisha. Na mzigo uliofungwa ovyo ulimmaliza mpagazi kabla hajafika hata kituo cha Rubuga, awe na nguvu kiasi gani.

Kwa kuwa kazi yake ni kuhamisha tu, kiyoyozi kilichofungwa sawasawa hutumia uniti moja ya umeme kuhamisha uniti tatu za joto, pengine nne. Hita ya maji ya kuoga haiwezi hivyo. Uniti moja ikiingia, joto la uniti moja ndilo litakalotoka. Tofauti hii ndiyo inayozifanya nchi nyingi za Ulaya zihimize wananchi wang'oe boila za gesi na mafuta, wafunge mashine hii majumbani. Kule inageuzwa: inachota joto nje, hata wakati wa theluji, na kuliingiza sebuleni. Ndugu zetu walioko Sweden na Norway wanapashwa joto na jamaa wa karibu kabisa wa friji ya soda iliyopo dukani pale stesheni ya Tabora.

Historia ya mashine hii inaigusa njia yetu ya misafara kwa namna ambayo sichoki kuifikiria. Novemba 1857 wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, Tabora ya wakati ule, wakiwa njiani kwenda Ujiji. Mbele yao kulikuwa na Uvinza, kwenye bonde la mto Malagarasi, ambako watu walikuwa wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa karne nyingi, na chumvi yao ikauzwa mbali kila upande. Kila kibaba cha chumvi kilidai mzigo wake wa kuni. Miaka hiyohiyo, huko Austria, mhandisi Peter von Rittinger alikuwa akihangaika na shida ileile. Kwenye kiwanda cha chumvi cha Ebensee alijenga mtambo ulioendeshwa kwa nguvu ya maji: ulikamata mvuke uliokuwa ukipotea hewani, ukaukandamiza ili joto lake lipande, kisha ukaurudisha uchemshe maji yaleyale ya chumvi. Huo ndio unaotajwa kuwa mtambo wa kwanza duniani wa kuhamisha joto. Wachemsha chumvi wa Uvinza na yule Mwaustria hawakupata kujuana, lakini wangekutanishwa barazani Kazeh wangekuwa na mengi ya kuzungumza, na yangeanzia kwenye kuni.

Tabora nayo ilikuwa na njia yake ya kulikabili joto. Mji uko juu, mita zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai mtu hutafuta blanketi. Lakini Septemba na Oktoba, mvua ikiwa bado, jua linachoma na mchana hupita nyuzi 32. Tembe lilijengwa kwa kuijua hali hiyo: kuta nene za udongo, paa bapa lililosakafiwa kwa udongo, matundu machache ya dirisha, ua wa ndani na baraza. Udongo hupokea joto taratibu, na lile la mchana huvuka ukuta wakati watu wamekwisha kutoka nje kupunga upepo. Anayefika Kwihara, kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872 ambalo sasa ni makumbusho, aweke kiganja ukutani saa nane mchana. Kisha likaja bati. Bati halihitaji kukandikwa upya kila kiangazi, wala nyoka hakai ndani yake, na sioni sababu ya kumlaumu aliyelichagua. Ila kuta nazo zikawa nyembamba, na chini ya bati lisilo na dari chumba hakikaliki mchana. Hapo ndipo kiyoyozi kikaingia: kwanza ofisini na benki, kwenye maabara na nyumba za wageni, na sasa polepole chumbani kwa mwenye kipato cha kawaida.

Ninayetaka kumsifu ni mtu anayekifunga. Kiwanda hutoa nusu tu ya kiyoyozi. Mashine ya nje na ya ndani hufika kwenye boksi zikiwa hazijaunganishwa, na kile kinachozifanya ziwe kitu kimoja, yaani mabomba, viungo, nyaya na mteremko wa maji, kinatengenezwa ukutani kwa mikono ya mtu. Friji hutoka kiwandani imekamilika. Ukiichomeka inafanya kazi. Kiyoyozi, na ile mashine ya kupashia nyumba za Ulaya, hukamilishwa na fundi, na akikosea, hata jina kubwa lililoandikwa kwenye boksi haliokoi kitu.

Nimekaa nikamtazama mmoja akifanya kazi kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu. Alipofika hakuligusa boksi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mashine ndiyo hiyo, chumba ndicho hiki."

Alitazama juu. "Mama, huku juu hujaweka dari?"

"Dari mwakani, Mungu akipenda."

"Mimi ningekushauri tuanze na dari, mama. Nikiifunga leo itashindana na bati mchana kutwa, luku yako haitafika wiki. Weka kwanza siling bodi, uniite."

Akabeba begi lake akaondoka bila kulipwa. Mama alikereka, na ningekuwa yeye ningekereka pia, maana pesa ya mashine alikuwa amekwisha itoa. Lakini dari ikawekwa, na fundi akaitwa tena. Mimi naihesabu siku ile ya kwanza, ambayo hakushika hata bisibisi, kuwa sehemu bora ya kazi yake. Kujua chumba kina joto kiasi gani, linatoka wapi, dirisha gani linatazama magharibi, ni elimu ileile ya mjenzi wa tembe. Asiyekuwa nayo humwambia mteja anunue mashine kubwa zaidi. Basi watu wanatundika BTU 18,000 chumba kinachotosheka na 9,000. Inapoza upesi, inajizima, inawaka tena, na kompresa, pampu ya kuikandamiza gesi inayobeba joto, inachakaa kwa kushtuka-shtuka.

Aliporudi alianza na mahali pa mashine ya nje. Upande wa mwembe kulikuwa na kivuli kizuri, ila majani na vumbi la kiangazi huziba mapezi ya mashine, na iliyozibwa haiwezi kulitua joto. Akachagua upande wa mashariki, chini ya upenu, mbali na ukuta kiasi cha upepo kupita nyuma yake. Ukuta wa nyumba ile ni tofali za udongo. Wengine hupiga braketi na skrubu humohumo. Mtikisiko ukianza, baada ya muda tofali linamung'unyuka na mashine inainama. Yeye alimwaga msingi mdogo wa zege chini, akausubiri ukauke.

Kisha mabomba. Nilivuta kiti karibu, kwa sababu hapa ndipo ufundi ulipo. Alikata bomba kwa kisu cha kuzungusha, hakutumia msumeno, maana msumeno huacha unga wa shaba. Ndani ya ukingo uliokatwa hubaki kijiukucha kikali. Alikikwangua huku mdomo wa bomba akiuelekeza chini, ili chembe zianguke sakafuni zisiingie ndani zikasafiri hadi kwenye kompresa. Akavisha nati kabla ya kuupanua mdomo, jambo ambalo mwenye haraka husahau akalazimika kukata upya. Akaupanua kwa kifaa chake, akaufuta, akautazama kwenye mwanga, akapitisha ncha ya kidole kuzunguka duara lote. Hakuridhika, akakata akaanza tena. Mdomo wa pili ulikuwa laini, sawa pande zote, unang'aa. Akadondoshea tone la mafuta, akakaza nati kwa mkono mpaka ikagoma, ndipo akachukua spana mbili, moja ya kushika na moja ya kukazia. Ikilegea gesi huvuja. Ikizidi kukazwa shaba hupasuka, nayo huvuja. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, lakini umeme wake ukifika chumbani kwa mama huyu, faida yake inategemea mdomo huu wa shaba usiozidi upana wa kidole.

Baada ya hapo alijaza naitrojeni kwa mgandamizo mkubwa, akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, akaacha geji isimame. Haikushuka.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa kuliko zote. Ndani ya mabomba mapya mna hewa, na ndani ya hewa mna unyevu. Vyote viwili lazima vitoke kabla gesi haijafunguliwa. Njia ya mkato ni kufungulia gesi kidogo isukume hewa nje, kukaza upesi, kuwasha, kupokea pesa. Chumba kinapoa siku hiyohiyo na mteja anashukuru. Lakini unyevu uliobaki hukutana na mafuta ya kompresa, hutengeneza asidi, na asidi hula taratibu vanishi ya nyaya za mota. Mashine inakufa baada ya miaka michache, fundi hayupo, lawama inaangukia umeme au kiwanda. Njia ya haki ni pampu ya vakyumu. Kila anayepika maharage Tabora anakijua kinachotendeka ndani yake hata kama hajafundishwa: kwa mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, kwa sababu hewa ya juu imepungua uzito. Pampu hupunguza hewa ya bombani karibu yote, mpaka maji yaliyojificha mle yanachemka kwa joto lilelile la chumba, yanageuka mvuke na kunyonywa nje. Fundi akaiwasha, akaketi. Pampu ilinguruma zaidi ya nusu saa. Mtoto wa jirani akauliza kwa nini amekaa tu, akamjibu, "Nakausha, mdogo wangu." Geji iliposhuka alizima pampu, akasubiri tena kuona kama itapanda, ndipo akaifungulia gesi njia.

Gesi yenyewe aliipima kwa mizani, kwa kuwa bomba lilikuwa refu kidogo kuliko lile lililohesabiwa kiwandani. Wapo wanaojaza mpaka bomba lishike barafu, wakaita hicho ndicho kipimo. Nao huachia gesi ya zamani hewani kama vumbi la kufagia. Kilo moja ya gesi ya R-410A ikiachiwa hewani hupasha dunia joto kuliko kilo 2,000 za hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100. R-32 inayoshika nafasi yake siku hizi ni sawa na kilo 675, na inaweza kuwaka moto, kwa hiyo inadai mikono yenye nidhamu zaidi. Oktoba 2016 nchi za dunia zilikutana Kigali, si mbali nasi, zikakubaliana kupunguza gesi hizi. Mapatano yale hutekelezwa au huvunjwa na kijana mwenye spana, juu ya ngazi, wakati hakuna anayemtazama.

Kuna jambo moja la Tabora hasa ambalo fundi mgeni hulikosea. Kiangazi hewa yetu ni kavu, na kiyoyozi kikifungwa Septemba hudondosha maji kidogo mno. Mteremko wa bomba la maji ukipinda kinyume hakuna atakayejua. Mvua za Novemba zikianza, hewa inajaa unyevu, maji yanashuka ndani ya ukuta, na ukuta wa udongo ukinywa maji rangi inabanduka, plasta inaporomoka. Fundi wetu aliweka pima maji juu ya bomba, akamwaga kikombe kizima kwenye beseni la mashine ya ndani, akatoka nje kuangalia kama kimefika chote.

Alimaliza kwa umeme: waya wake peke yake kutoka kwenye bodi, ethi, na kifaa cha kuichelewesha mashine dakika chache umeme ukikatika na kurudi, kwa sababu kompresa ikilazimishwa kuanza wakati mgandamizo haujatulia huungua. Akamwonyesha mama namna ya kuchomoa chujio na kuliosha, akamwambia asishushe chini ya nyuzi 25.

Alitoza zaidi ya wenzake, na mama aliyalalamikia malipo hayo mbele yangu. Nilimwambia nilichoamini na bado naamini: ile nusu saa ya pampu, lile bomba lililokatwa mara mbili, ile safari ya kwanza isiyo na malipo, vyote vina gharama, na tukiendelea kumchagua aliye rahisi tutabaki na wanaofungulia gesi na kukimbia. Anayetaka kufungiwa kiyoyozi amuulize fundi kabla ya bei: una pampu ya vakyumu? Akisema anayo, aje nayo, na mwenye nyumba avute kiti, akae hapo na chai yake mpaka geji itulie.