Sauti Iliyokwaruza: Jinsi glibc Ilivyolinda Programu za Zamani

Mwishoni mwa 2010, watumiaji wa Fedora 14, mfumo wa Linux, kwenye kompyuta za biti 64 walianza kusikia sauti ikikwaruza kila walipofungua video kwa Flash Player. Flash ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni glibc, maktaba ya msingi ambayo karibu kila programu ya Fedora huitegemea.

Tatizo lilikuwa kwenye amri ndogo iitwayo memcpy, inayonakili data kutoka sehemu moja ya kumbukumbu hadi nyingine. Kanuni za lugha ya C zinasema wazi kwamba sehemu hizo mbili zisiingiliane. Zikiingiliana, itumike memmove. Flash ilivunja kanuni hiyo bila kudhurika, kwa sababu memcpy ya awali ilinakili kuanzia mwanzo kwenda mwisho, na kwa jinsi Flash ilivyopanga data zake, hakuna baiti iliyofutwa kabla ya kusomwa. Toleo jipya, lililoandikwa ili kuongeza kasi kwenye baadhi ya prosesa, liliweza kuanzia mwisho kurudi nyuma. Baiti zikaandikwa juu ya nyingine zisizosomwa bado, na sauti ikavurugika.

Kikanuni, mwenye kosa ni Adobe, kampuni iliyotoa Flash. Lakini Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliingia katika mjadala na kushikilia kwamba anayeumia ni mtumiaji. Naafikiana naye kabisa. Mtu aliyesasisha kompyuta yake kwa nia njema hasaidiki kwa kuambiwa kwamba programu iliyomfaa jana ilikuwa na kasoro tangu zamani.

Suluhisho lilikuja na glibc 2.14 mwaka 2011, na ni kazi ya kupigiwa mfano. Amri za glibc hubeba lebo za matoleo, na programu inapoundwa, lebo hizo huandikwa ndani ya faili lake. Basi memcpy zikawekwa mbili katika maktaba moja. Programu ya zamani, inayoomba yenye lebo ya 2.2.5, hupewa ile inayonakili kwa usalama kama memmove. Programu mpya huomba ya 2.14 na kupata yenye kasi. Hakuna haja ya kuunda upya chochote.

Ulinzi huo hauendi kinyume: programu inayohitaji lebo ya 2.14 hukataa kuanza kwenye mashine yenye glibc ya nyuma zaidi.

Windows ina njia nyingine ya kulinda programu za zamani. Maktaba za Visual C++ za 2005, 2008, 2010, 2012 na 2013 hukaa bega kwa bega, kila moja na programu zake. Za 2015 hadi 2022 ni familia moja, na iliyo mpya zaidi huzihudumia zote. Wengi huona majina yanayofanana kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa, wakafuta ya zamani wakidhani yamejirudia. Usiyafute. Sasisha mfumo wako, kwa kuwa masasisho hubeba pia marekebisho ya usalama, ila kompyuta inayoendesha hesabu za duka au kumbukumbu za wagonjwa usiiguse kabla ya kujaribu programu zake kwenye mashine nyingine.